Kwa nini shabiki hutetemeka mbele ya shujaa wake?

KIJANA wa umri wa miaka 16 hivi kutoka kijiji cha Kapsisiywa, Nandi, alijipa moyo mwaka wa 2001 akamwendea mtu ambaye hadi siku hiyo alikuwa akimtazama kwa mbali tu. Hakuomba pesa, hakuomba kazi, wala hakuomba sahihi yake. Aliomba aelezwe jinsi ya kufanya mazoezi.

Mtu huyo alikuwa Patrick Sang, mshindi wa nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992. Kijana alikuwa Eliud Kipchoge, ambaye wakati huo hakujulikana nje ya kijiji chake na ile barabara aliyopitia kwa baiskeli akipeleka maziwa sokoni Kapsabet.

Kwa vijana wa Nandi wa miaka hiyo, Sang hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani. Mbali na fedha ya Barcelona, alikuwa amenyakua fedha nyingine mbili katika Riadha za Dunia, mwaka wa 1991 jijini Tokyo na mwaka wa 1993 mjini Stuttgart. Mara zote mbili aliyemtangulia utepeni alikuwa Mkenya mwenzake, Moses Kiptanui. Baada ya kustaafu alirejea nyumbani, akawa anaandaa mashindano ya riadha ya vijana. Hivyo jagina aliyekuwa akionekana kwenye televisheni akageuka kuwa mtu anayeweza kupatikana uwanjani, ilimradi mtu awe na ujasiri wa kumkaribia.

Hapo kwenye ujasiri ndipo penye kitendawili. Watu wazima wenye kazi na familia, ambao huzungumza mbele ya umati bila shida, hushikwa na kigugumizi wanapokutana ghafla na mwanamuziki, mwanasoka au mwandishi waliyempenda tangu utotoni. Wengine hulia. Wengine husema jambo lisilo na kichwa wala miguu, kisha hulijutia mwaka mzima.

Sehemu ya maelezo imo mwilini. Mtu anapokabiliwa na jambo analolihesabu kuwa kubwa, liwe la hatari au la furaha, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, viganja hutoa jasho, na mate hupungua hata ulimi ukawa mzito. Damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli mikubwa, na tumbo husokota kwa kuwa kazi ya kusaga chakula imesitishwa kwa muda.

Mwili hautofautishi sana kati ya mtu aliyekutana na chui na mtu aliyekutana na nyota wake. Maandalizi ni yale yale ya kukimbia au kupigana, ila shabiki hataki kukimbia wala kupigana. Anabaki amesimama pale pale na nguvu zote hizo zisizo na kazi, ndiyo maana magoti hutetemeka.

Aidha, hali hiyo huvuruga sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hupanga maneno na kushikilia mambo ambayo mtu anataka kuyasema dakika hiyo. Shabiki aliyekuwa amepanga maswali matano hukumbuka nusu ya moja. Mambo hayo humpata pia mtahiniwa mbele ya jopo la mahojiano ya kazi na bwana harusi anapoambiwa awahutubie wakwe. Tofauti ni kwamba mtahiniwa ana cha kupoteza, yaani kazi. Je, shabiki ana nini cha kupoteza?

Jibu lilianza kutafutwa kwa makini mwaka wa 1956, pale wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walipochapisha makala kuhusu watangazaji na waigizaji wa redio na televisheni. Waligundua kwamba msikilizaji anayemsikia mtangazaji yule yule kila siku hatimaye huhisi kuwa anamfahamu kama anavyomfahamu jirani. Anajua anavyocheka, anajua yanayomkera, na hata hukisia atakachosema. Walakini uhusiano huo ni wa upande mmoja. Msikilizaji anamjua mtangazaji, mtangazaji hamjui msikilizaji.

Wakenya waliokua katika enzi ya Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, hawahitaji msomi wa kuwaeleza jambo hilo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 7, 2025, aliingia katika nyumba nyingi kwa sauti tu. Watu walimjua kupitia utangazaji wake wa soka na kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", ambacho kwa miongo kadhaa kiliwauliza wasikilizaji iwapo tabia fulani inafaa. Wengi waliompenda hawakuwahi kuiona sura yake hadi televisheni ilipoenea.

Nguvu ya sauti hiyo ilidhihirika Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa angani waliojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi walimchukua Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imeangushwa. Wangeweza kumtumia askari yeyote mwenye kujua kusoma. Walimtaka Mbotela kwa sababu walijua wananchi wangeamini sauti waliyoizoea kuliko bunduki wasiyoiona. Mapinduzi yalizimwa siku iyo hiyo, lakini waasi wenyewe walikuwa wametoa ushahidi wa jinsi uhusiano huo wa upande mmoja unavyofanya kazi.

Basi shabiki anapokutana na shujaa wake ana kwa ana, kinachotokea ni hiki: uhusiano ambao kwa miaka mingi umekuwa wa upande mmoja unalazimishwa, kwa dakika moja au mbili, kuwa wa pande mbili. Shabiki anaingia katika mkutano huo akiwa na historia ndefu. Shujaa anaingia akiwa hana historia yoyote. Kwa shabiki ni kama kukutana na ndugu aliyepotea. Kwa shujaa ni kusalimiana na mgeni wa kumi na tano tangu asubuhi.

Shabiki anaihisi tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza, na ndiyo inayomtia hofu. Anahofia kwamba shujaa atakuwa mtu mwingine, si yule aliyemjenga moyoni. Umdhaniaye ndiye siye, walisema wahenga. Pia anahofia, na pengine zaidi, kwamba yeye mwenyewe ataonekana si kitu.

Anayetaka kujua jinsi uhusiano wa namna hiyo unavyoweza kuyaelekeza maisha ya mtu amtazame Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Haile alizaliwa mwaka wa 1973 katika eneo la Arsi, katika familia ya wakulima, na alizoea kukimbia takriban kilomita 10 kwenda shuleni na nyingine 10 kurudi. Mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka saba, alisikiliza kwenye redio ya babake jinsi Mwethiopia Miruts Yifter alivyoshinda dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Yifter alitwaa ubingwa wa mita 5,000 na wa mita 10,000, akisifika kwa kuchomoka ghafla wapinzani wakiwa hawajajiandaa.

Mtoto huyo hakuona lolote. Hakuiona jezi ya Yifter wala kipara chake. Alisikia jina na kelele za uwanja, na hayo yakatosha. Haile aliendelea kumtaja Yifter kama chanzo cha safari yake hadi mzee huyo alipofariki nchini Canada mwezi wa Desemba mwaka wa 2016.

Wakenya wana sababu ya kuikumbuka redio hiyo kwa uchungu kidogo, kwani mtoto aliyeisikiliza ndiye aliyekuja kumnyima Paul Tergat dhahabu ya mita 10,000 jijini Atlanta mwaka wa 1996, kisha akarudia jijini Sydney mwaka wa 2000, safari hii kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Lakini si kila shabiki hukuza ndoto ya kuwa bingwa. Wengi wanachotaka ni kuwa na sehemu katika ushindi wa mwingine. Mwaka wa 1976 mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani. Waliona kwamba siku za Jumatatu, baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa mavazi yenye nembo ya chuo chao kuliko pale timu iliposhindwa. Walipoulizwa kuhusu mechi, waliposhinda walisema "tulishinda". Waliposhindwa, walisema "walishindwa".

Yeyote aliyewahi kuketi katika ukumbi wa kutazamia soka jijini Nairobi wakati Arsenal au Manchester United inacheza ameyasikia hayo kwa Kiswahili. Mtu ambaye hajawahi kufika Uingereza husema "tumewafunga" bila kupepesa macho, na kesho yake, mambo yakienda mrama, husema "hawa jamaa hawachezi".

Kipchoge mwenyewe amewahi kuwa chanzo cha furaha ya aina hiyo kwa taifa zima. Oktoba 12, 2019, alipokimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa muda wa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, umati ulijazana katikati ya mji wa Eldoret kutazama kwenye skrini kubwa. Mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa vile zilipangwa kwa njia maalumu, zikiwa na wakimbiaji wa kuweka kasi waliopokezana zamu. Waliokuwa wakirukaruka barabarani Eldoret hawakujali kanuni hizo.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa kuwa "sisi" ya shabiki huweza kugeuka ikawa madai ya kummiliki mtu. Mwaka wa 2002 watafiti Lynn McCutcheon, Rense Lange na James Houran walipendekeza kipimo cha jinsi watu wanavyowahusudu watu mashuhuri, na kupitia kazi yao na ya wengine waliowafuata, wataalamu walizoea kutaja ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza walimo wanaofurahia tu kuzungumza na marafiki kuhusu nyota fulani. Ya pili ni ya wale wanaohisi kuwa kuna kifungo cha pekee kati yao na mtu huyo. Ya tatu ni ya wachache waliovuka mpaka, ambao wangefanya hata lisilo halali kwa ajili yake.

Walio katika ngazi ya kwanza ndio wengi, nao hawana tatizo lolote. Pengine hata wana faida, kwa sababu ushabiki huwapa watu marafiki. Ila ngazi ya tatu imewahi kumwaga damu. Desemba 8, 1980, mwanamuziki John Lennon alitia sahihi kwenye jalada la santuri la shabiki mmoja nje ya makazi yake jijini New York. Saa chache baadaye shabiki huyo huyo alimpiga risasi na kumuua. Aprili 30, 1993, mchezaji tenisi Monica Seles, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alidungwa kisu mgongoni akiwa uwanjani Hamburg na mwanamume aliyetaka mpinzani wake, Steffi Graf, arudi kileleni. Seles alikaa nje ya mashindano kwa zaidi ya miaka miwili. Graf hakuwa ametaka wala kuomba mapenzi ya namna hiyo.

Kenya nayo ilipata onjo lake mwaka wa 2024. Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya Kipchoge kwa kukimbia marathon ya Chicago ya Oktoba 2023 kwa saa mbili na sekunde 35, alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat usiku wa Februari 11, 2024, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Yeye na Kipchoge hawakuwahi kukimbia pamoja katika marathon, na taifa lilikuwa likisubiri siku hiyo kwa hamu.

Huzuni ilipotafuta mtu wa kulaumiwa, baadhi ya watu walianza kueneza mitandaoni madai yasiyo na msingi kwamba Kipchoge alihusika. Miezi michache baadaye Kipchoge aliliambia shirika la BBC kwamba alitishiwa kuchomewa nyumba, mali na hata familia yake. Alieleza jinsi alivyoingiwa na hofu watoto wake wanapokwenda na kurudi shuleni, wakaacha kuendesha baiskeli na kuanza kupelekwa na kuchukuliwa. Alisema pia kwamba alipoteza marafiki wengi mno.

Ukubwa ni jaa. Watu walioamini kwa dhati kwamba wanamjua Kipchoge, kwa kuwa walikuwa wameona tabasamu lake kwenye simu zao kwa miaka, waliamini kwa urahisi ule ule kwamba wanajua pia uovu wake. Uhusiano wa upande mmoja hauna breki, kwani hakuna wa upande wa pili wa kusema "hapana, sivyo nilivyo". Kuonana ana kwa ana, hata kwa dakika tano, kuna breki hiyo.

Wageni wanaofunga safari hadi maeneo ya mazoezi ya Bonde la Ufa huligundua jambo hilo haraka. Wanapita chini ya lango la Iten linalowakaribisha katika makao ya mabingwa, au wanafika Kaptagat, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakitarajia kuona kasri. Wanachokikuta ni kambi yenye vyumba vya kawaida, ambamo wanariadha hupokezana zamu za kufagia, kupika na kusafisha vyoo. Kipchoge ameishi hivyo kwa miaka mingi, akilala kambini siku za wiki na kwenda kwa familia yake mwishoni mwa juma, ingawa angeweza kuishi popote duniani.

Jambo la pili linalowashangaza wageni ni kimo cha watu. Televisheni humfanya bingwa aonekane mkubwa. Kipchoge ana urefu wa mita 1.67 tu, na Haile ni mfupi kidogo kuliko yeye. Wako mashabiki wanaompita bingwa wao wakimtafuta bingwa wao.

Hapo kuna watakaosononeka, na wengine watakaopumua. Anayesononeka ni yule aliyekuja kuona malaika. Anayepumua ni yule anayegundua kwamba mtu anayefagia uwanja anaweza kuzungumzwa naye. Mazoea yana dawa ya kutetemeka. David Rudisha, bingwa wa mita 800 aliyeweka rekodi ya dunia ya dakika 1 sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka wa 2012, alilelewa na mshindi wa nishani: babake, Daniel Rudisha, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa fedha ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne jijini Mexico mwaka wa 1968. Ni vigumu kumtetemekea shujaa anayekutuma kufunga ndama.

Kwa asiye na bahati ya kuzaliwa na shujaa, kinacholeta tofauti ni kile anachokwenda nacho. Zamani shabiki alitaka sahihi kwenye karatasi. Siku hizi anataka selfi, na mara nyingi mkutano mzima hupita shujaa na shabiki wote wawili wakiitazama simu badala ya kutazamana. Picha ina thamani yake, maana ni ushahidi kwa wale watakaobisha nyumbani. Lakini wenye kusaini na kupigwa picha hawakumbuki sura. Wanachokikumbuka ni swali.

Kipchoge alikwenda kwa Sang na swali. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi na wote wawili: hapakuwa na kalamu wala karatasi, basi ratiba ya siku kadhaa ikachorwa kwa kijiti kwenye ngozi ya mkono. Kijana akaikariri, akaenda zake. Siku zilipokwisha alirudi, akaomba nyingine. Akarudi tena. Sang hakuwa na habari yeye ni nani, na alimpa ratiba kwa miezi kadhaa kabla ya kumuuliza jina.

Alipouliza, akapigwa na butwaa. Kumbe kijana alikuwa mtoto wa jirani, tena mamake ndiye mwalimu aliyemfundisha Sang katika shule ya chekechea. Yaani kabla ya Sang kuwa shujaa wa mtoto, mama wa mtoto alikuwa mkubwa kwa Sang. Mara nyingine, alipoona kijana anakimbia bila saa, Sang aliivua yake mkononi akampa.

Ni vyema kutambua kwamba Sang hakulazimika kufanya lolote kati ya hayo. Mwanariadha mstaafu hupata maombi mengi, na wengi wanaoomba ratiba ya mazoezi huifuata kwa siku tatu. Wala si haki kumtarajia kila mtu mashuhuri awe na saa ya kuvua kwa kila anayekuja. Yapo maombi yasiyo na adabu, kama vile kumfuata mtu hadi mezani anapokula na watoto wake, au kumkamata mkono mwanariadha dakika chache kabla ya mlio wa bastola. Anayepuuzwa katika hali hizo hajadharauliwa. Amechagua saa mbaya.

Miaka miwili baada ya ratiba ya kwanza, Agosti 31, 2003, Kipchoge alishinda mbio za mita 5,000 katika Riadha za Dunia jijini Paris akiwa na umri wa miaka 18. Alimpiku Hicham El Guerrouj wa Morocco kwa sehemu nne za mia moja za sekunde, naye Kenenisa Bekele wa Ethiopia akamaliza wa tatu. Sang ndiye aliyekuwa kocha wake, na aliendelea kuwa kocha wake katika dhahabu mbili za marathon ya Olimpiki, ya Rio mwaka wa 2016 na ile ya Michezo ya Tokyo iliyokimbiwa mjini Sapporo mwaka wa 2021, na katika rekodi mbili za dunia alizoziweka Berlin mwaka wa 2018 na 2022.

Mashabiki nao huwa na namna yao ya kuonyesha kwamba hawakupenda nishani peke yake. Agosti 10, 2024, Kipchoge alirudi Paris akitafuta dhahabu ya tatu mfululizo ya marathon ya Olimpiki, akiwa na umri wa miaka 39. Maumivu ya mgongo yalimbana mapema, viongozi wakamwacha kwa dakika nyingi, na baada ya kupita kilomita ya 30 akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa kumaliza marathon. Tamirat Tola wa Ethiopia ndiye aliyeshinda.

Kulikuwa na gari la kuwabeba wanaoacha mbio. Kipchoge alikataa kulipanda, akaanza kutembea kwa miguu kando ya barabara, na watazamaji waliokuwa hapo wakatembea pamoja naye, kundi likizidi kukua. Hakuna aliyekuwa na bingwa wa kushangilia siku hiyo. Alipofika mbele ya wanahabari alikuwa hana jezi ya mbio, hana soksi, hana viatu wala namba ya kifuani. Alieleza kwamba vyote alikuwa amewagawia watu aliotembea nao.